Mwalimu wa Abeokuta: Kumbukumbu ya Funmilayo Ransome-Kuti

Wapenzi wa muziki humtaja kuwa mamake Fela Kuti, mwanzilishi wa mtindo wa Afrobeat. Wasomaji wa fasihi ya Kiafrika wengi wao walikutana naye kwanza katika Aké, kitabu cha mwaka 1981 ambamo Wole Soyinka anasimulia utoto wake. Nao wanahistoria humkumbuka kama mwanamke aliyewaongoza wachuuzi wa sokoni hadi mfalme akaondoka kitini. Sifa zote tatu ni za kweli. Hata hivyo, zote huelekea kuifunika kazi aliyoianza mapema kuliko nyingine na ambayo hakuiacha hata alipokuwa mwanasiasa, mjane na bibi wa wajukuu. Kazi hiyo ni ualimu.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1900 mjini Abeokuta, kusini-magharibi mwa nchi ambayo leo ni Nigeria. Abeokuta ni mji wa Waegba, mojawapo ya jamii za Wayoruba, nao umejengwa chini ya mwamba mkubwa wa Olumo. Msomaji wa Kenya ataielewa historia yake kwa urahisi akikumbuka Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Shirika la CMS lililoanzisha makao ya watumwa walioachwa huru huko Frere Town mwaka 1875 lilikuwa limekwisha kupiga kambi Abeokuta tangu 1846, na miongoni mwa waumini wake wa kwanza walikuwa Wayoruba waliouzwa utumwani, wakaokolewa baharini, wakashushwa Sierra Leone, kisha wakarejea kwao na Biblia mkononi na majina ya Kizungu. Katika nasaba ya Funmilayo walikuwamo watu wa namna hiyo. Wazazi wake, Daniel na Lucretia Thomas, walikuwa Waanglikana, na binti yao alibatizwa Frances Abigail. Jina la Kiyoruba, Olufunmilayo, lilikuja nyuma ya hayo mawili.

Wazazi hao walikuwa na imani isiyokuwa ya kawaida wakati huo: kwamba binti asomeshwe sawasawa na mvulana. Mwaka 1914, Shule ya Sekondari ya Abeokuta, iliyokuwa ya wavulana watupu, ilipofungua mlango kwa wasichana, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandikishwa. Baada ya masomo alifundisha kwa muda, na mwaka 1919 akasafiri kwenda Uingereza kuendelea na elimu katika chuo cha Wincham Hall, Cheshire. Alikaa huko hadi 1922. Alijifunza muziki, ushonaji wa nguo, Kifaransa na nadharia ya ualimu. Alijifunza pia jambo ambalo halikuwa katika mtaala. Ubaguzi alioupata kwa sababu ya rangi yake ulimfanya ayaweke kando majina ya Frances na Abigail. Aliyerudi Abeokuta alikuwa Funmilayo, na hakutaka kuitwa vingine. Ni kitendo kidogo kwa mtazamo wa leo, lakini ndani yake mna mbegu ya mengi yaliyofuata. Mtu akishakataa kuitwa kwa jina la kupachikwa, ni vigumu kumzuia asikatae mengine.

Tarehe 20 Januari 1925 aliolewa na Israel Oludotun Ransome-Kuti, mwalimu na kasisi wa Kianglikana aliyemzidi umri kwa takriban miaka tisa. Israel naye alikuwa mtoto wa kasisi. Babake, Josiah Jesse Ransome-Kuti, alisifika kwa kutunga nyimbo za kanisa kwa Kiyoruba, na mwaka 1922 alirekodi kadhaa kati ya hizo mjini London. Maharusi waliishi kwanza Ijebu-Ode, ambako Israel alikuwa mkuu wa shule, kisha mwaka 1932 wakahamia Abeokuta alipokabidhiwa uongozi wa shule ileile iliyowasomesha wote wawili. Israel alikuwa pia miongoni mwa waasisi wa chama cha walimu wa Nigeria na akakiongoza kwa miaka mingi. Nyumba yao ilikuwa shule na shule ilikuwa nyumba yao. Watoto wanne walizaliwa humo: Dolupo, binti wa pekee, mwaka 1926, Olikoye mwaka uliofuata, Fela mwaka 1938, na Beko mwaka 1940. Walilelewa pamoja na wanafunzi wa bweni, wakila chakula kilekile na kufanya kazi zilezile, wavulana kwa wasichana. Wakichapwa, walichapwa pamoja. Fela alipokuwa mtu mzima hakuficha kwamba viboko vya wazazi wake vilikuwa vikali, na vya mama havikuwa pungufu ya vya baba. Katika kumkumbuka mwalimu huyu hakuna haja ya kumpaka asali: alikuwa mtoto wa zama zake, na zama hizo ziliamini fimbo.

Katika miaka hiyo ya ndoa Funmilayo alifungua darasa la watoto wadogo ambao hawajatimiza umri wa kwenda shule, mojawapo ya madarasa ya mwanzo ya aina hiyo nchini mwake. Aliwakusanya pia wanawake waliosoma, wengi wao wake za makasisi na walimu, katika chama kilichoitwa Abeokuta Ladies' Club, yaani klabu ya mabibi. Walifundishana ushonaji, upishi na usafi wa nyumba, wakaandaa michezo na hafla za kanisa na za shule. Lilikuwa jambo jema na lisilomsumbua mtu yeyote. Chama kingeweza kuendelea hivyo hadi mwisho wa maisha yao, na historia isingekuwa na sababu ya kukitaja.

Mgeuko ulikuja mwaka 1944. Mwanamke mmoja mchuuzi wa sokoni alifikishwa kwa Funmilayo na ombi moja tu: alitaka kufundishwa kusoma. Ombi hilo lilimzindua. Hapa palikuwa na mji ambao uchumi wake ulibebwa na wanawake waliouza vyakula na vitambaa vilivyotiwa nili, kazi iliyoupatia Abeokuta sifa kote Afrika Magharibi. Nao wanawake hao, waliojua kukokotoa faida na hasara kichwani bila kukosea senti, hawakuweza kusoma hati ya kodi waliyotakiwa kuilipa. Waliosoma walikuwa wamejifungia katika klabu yao wakijadili keki. Kisomo cha watu wazima kikaanzishwa, kile ambacho Wakenya wa baadaye wangekijua kwa jina la ngumbaru. Soyinka, ambaye mamake alitoka katika ukoo huohuo wa Ransome-Kuti na akawa mwanaharakati wa vuguvugu hilo, anasimulia jinsi waliovaa magauni walivyotakiwa kila mmoja ajitwalie mwenzake aliyejifunga kitambaa kiunoni ili amfundishe, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa bado mtoto, alivyoingizwa katika kazi hiyo ya kufundisha.

Ni rahisi kudhani kwamba katika madarasa hayo elimu ilitiririka kutoka upande mmoja tu. Haikuwa hivyo. Wachuuzi walileta daftari, na pamoja na daftari wakaleta malalamiko yao. Walimweleza mwalimu wao kwamba maofisa walikuwa wakiwanyang'anya mchele sokoni kwa kisingizio cha mahitaji ya vita, pasi na kuwalipa. Walimweleza kuhusu kodi. Wanawake wa Abeokuta walikuwa wametozwa kodi tangu 1918, jambo ambalo halikuwapo katika sehemu nyingi za Nigeria. Msichana alianza kutozwa akiwa na miaka 15 ilhali mvulana alisubiri hadi 16, na wakusanyaji walifikia hatua ya kuwavua wasichana nguo ili wakisie umri wao. Pamoja na kulipa kote huko, hakuna mwanamke hata mmoja aliyekaa katika baraza lililoamua fedha hizo zitumike vipi. Mke wa kasisi alikuwa amekaa mjini humo maisha yake yote bila kuyaelewa mambo hayo kwa kina. Sasa yeye ndiye aliyekuwa mwanafunzi, na hakuwa mwanafunzi mvivu. Suala la mchele alilipeleka magazetini na kwa wakuu wa serikali, na mwaka 1945 unyang'anyi huo ukakomeshwa.

Mwaka 1946 chama kilibadilisha jina. Neno mabibi liliondolewa, pakawekwa wanawake: Abeokuta Women's Union, Umoja wa Wanawake wa Abeokuta. Mabadiliko hayo ya neno moja yalikuwa mabadiliko ya tabaka zima, kwani sasa mlango ulikuwa wazi kwa kila muuza nyanya. Wanachama waliolipa ada walikadiriwa kufikia 20,000, na wafuasi walikuwa zaidi ya hao.

Hapo ndipo Funmilayo alipochukua uamuzi unaostahili kuangaliwa kwa makini na yeyote anayeshughulika na lugha za Kiafrika. Aliacha kuvaa gauni la Kizungu hadharani, akajifunga kitambaa kama wachuuzi. Vilevile, katika mikutano ya Umoja alihutubia kwa Kiyoruba, hata pale maofisa wa Kiingereza walipokuwa wamekaa mbele yake. Kiingereza alikimudu barabara. Alikisoma Uingereza kwenyewe na alikiandikia barua na hati za malalamiko. Kwa hivyo haikuwa kwamba hakuwa na njia nyingine. Ofisa aliyetaka kujua kilichokuwa kikisemwa ilimbidi atafute mkalimani. Kwa mara ya kwanza katika mji huo, aliyeketi akingoja tafsiri alikuwa mtawala, na aliyeelewa papo hapo alikuwa muuza mihogo.

Walimu wa isimujamii hupenda kueleza kwamba lugha ya utawala ni uzio. Funmilayo hakuuandikia uzio huo makala. Aliuhamisha, ukawa nyuma ya waliouzoea kuwa mbele. Na alifanya hivyo zaidi ya miaka thelathini kabla ya Kamiriithu, kabla ya wakulima na wafanyakazi wa Limuru kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu mwaka 1977 na mtunzi mmojawapo, Ngũgĩ wa Thiong'o, kutiwa kizuizini mwishoni mwa mwaka huohuo. Katika makongamano kuhusu lugha na ukombozi jina la Ngũgĩ hutajwa, na ni haki litajwe. La mwalimu wa Abeokuta halisikiki sana, labda kwa sababu yeye hakuacha vitabu vya nadharia, na waliomsikiliza hawakuwa wahadhiri.

Mapambano yenyewe yalifikia kilele mwaka 1947. Utawala wa Kiingereza uliendesha mambo ya Abeokuta kupitia kwa Alake, mfalme wa Waegba, ambaye wakati huo alikuwa Ademola wa Pili. Sheria ya kikoloni ilikuwa imemkabidhi madaraka ambayo wafalme wa kale wa Waegba, waliofungwa na mabaraza ya wazee, hawakuwa nayo. Wanawake walidai mambo mawili: kodi yao ifutwe na madaraka hayo ya mtu mmoja yaondolewe. Waliponyimwa kibali cha kuandamana, Funmilayo alitangaza kwamba kutakuwa na pikiniki. Hakuna sheria iliyokataza pikiniki. Kabla ya siku yenyewe aliwafundisha wenzake namna ya kujikinga na gesi ya kutoa machozi. Hata hilo lilikuwa somo, nalo lilifundishwa kwa utaratibu kama masomo mengine. Tarehe 29 na 30 Novemba 1947, wanawake zaidi ya 10,000 walijaa nje ya kasri la Alake wakiimba nyimbo za kumdhihaki. Walirejea tena mwezi wa Desemba. Polisi walitumia gesi na marungu, lakini umati haukutawanyika. Ofisa mmoja wa Kizungu alipomwamuru kwa ukali awanyamazishe wanawake wake, alimrudi kwa swali lililomkumbusha kwamba hata yeye alizaliwa na mwanamke. Na kisa hicho kikaenea mji mzima kabla ya jua kuchwa.

Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa. Mapema Januari 1949 Alake aliondoka kitini na kwenda uhamishoni. Wanawake wakapata viti katika baraza la muda. Ushindi huo, hata hivyo, haukudumu wote. Kufikia mwisho wa 1950 Alake alikuwa amerejeshwa, na suala la kodi likazuka upya baadaye. Anayesoma historia hii kwa kutafuta hadithi yenye mwisho mtamu atavunjika moyo. Lakini wanawake waliokwisha kujua kusoma hati ya kodi hawakuweza kufanywa wasijue tena.

Sifa zake zilivuka mipaka. Mwaka 1947 alikuwa tayari amekwenda London katika ujumbe wa chama cha NCNC kupinga katiba ya kikoloni, akiwa mwanamke pekee katika ujumbe huo. Alisafiri hadi China na katika nchi za Ulaya Mashariki. Ziara hizo zilimgharimu. Serikali ikamshuku kuwa mkomunisti, ikakataa kumwandikia upya pasipoti yake mwaka 1957, na mwaka uliofuata Marekani ikamnyima viza. Katika siasa za uchaguzi hakuwa na bahati, na pengine hakuwa na subira. Aligombea mwaka 1951 akashindwa. Mwaka 1959 chama chake kilipomnyima tiketi aligombea kama mgombea huru, kura zikagawanyika, kiti kikaenda kwa wapinzani, naye akafukuzwa chamani. Chama alichokiunda mwenyewe baada ya hapo hakikutimiza muda mrefu. Mtu aliyeweza kuwaunganisha wachuuzi maelfu hakuweza kuwavumilia viongozi wa vyama, nao hawakumvumilia.

Israel alifariki mwezi wa Aprili 1955. Mjane alibaki na shule zake, Umoja wake, na watoto waliokwisha kutawanyika kwa masomo. Dolupo alikuwa muuguzi. Olikoye na Beko walisomea udaktari. Olikoye alikuja kuwa Waziri wa Afya wa Nigeria kuanzia 1985, akasifika kwa kusambaza huduma za afya ya msingi na chanjo vijijini, naye Beko akawa mtetezi wa haki za binadamu aliyefungwa na serikali za kijeshi. Fela alitumwa London mwaka 1958 asomee udaktari kama ndugu zake, akajiandikisha katika chuo cha muziki. Mama huyu hakumkatia msaada. Kutoka kwa Fela alipata wajukuu walioujua uso wake vizuri, Yeni na Femi na Sola, na Femi akaja kuwa mwanamuziki wa kimataifa. Heshima rasmi nazo zilianza kumjia uzeeni: nishani ya taifa mwaka 1965, shahada ya heshima ya Chuo Kikuu cha Ibadan mwaka 1968, na Tuzo ya Amani ya Lenin mwaka 1970.

Inafurahisha kuona jinsi Fela alivyolirithi somo la lugha, ijapokuwa alilijibu kwa namna yake. Mama alikuwa amechagua Kiyoruba ili muuza mihogo wa Abeokuta amwelewe. Mwana, ambaye hadhira yake ilikuwa Nigeria nzima na pwani yote ya Afrika Magharibi, alichagua Pijini. Waliosoma walikidharau Pijini kama Kiingereza kilichovunjika. Yeye aliwaimbia madereva na makuli. Katika miaka ya sabini alilitupa jina Ransome, akajiita Anikulapo-Kuti. Mama yake, akiwa na umri wa miaka sabini na ushei, akalitupa pamoja naye. Lilikuwa jina la Kizungu la mwisho lililobaki.

Mwaka 1976 Fela alitoa Zombie, wimbo uliowafananisha askari na mizuka itembeayo kwa amri. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao 1,000 waliizingira nyumba yake ya Lagos, aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta. Waliwapiga waliokuwamo na kuiteketeza nyumba kwa moto. Bibi huyo wa miaka 76 alikuwa ndani. Askari walimtupa nje kupitia dirisha la ghorofani. Hakupata nafuu kamili tena, na tarehe 13 Aprili 1978 akafariki. Uchunguzi wa serikali ulihitimisha kwamba aliyetenda kitendo hicho ni askari asiyejulikana. Siku ya mwisho ya utawala wa kijeshi wa Olusegun Obasanjo mwaka 1979, Fela na wafuasi wake walibeba jeneza hadi lango la kambi ya Dodan, makao ya mkuu wa nchi, wakaliacha hapo. Obasanjo alikuwa mtoto wa upande uleule, aliyesomea Abeokuta, katika mji ambao kila mtu alijua mwalimu huyo ni nani.

Mwili wenyewe ulikuwa umezikwa zaidi ya mwaka mmoja kabla, Abeokuta, katika kaburi moja na Israel. Maelfu walihudhuria. Siku hiyo wanawake walifunga vibanda vyao, na masoko ya mji hayakuuza.